Mivukuto Mitatu na Mluzi wa Kipili

Niseme mapema, ili asiyependa afunge kitabu sasa hivi: mimi ni mhitimu wa shule ya jioni na sioni haya hata chembe. Elimu yangu ya umeme niliipata kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili, ndani ya darasa ambalo mchana lilikuwa la watoto wa darasa la kwanza. Dawati lilikuwa dogo kiasi kwamba magoti yangu yalinifikia masikioni. Ukutani palikuwa na picha ya bata, na chini yake wameandika "bata". Mbele ya bata huyo ndipo nilipojifunza mkondo, msukumo na ukinzani, na mpaka leo nikipiga hesabu ya waya namwona ananiangalia. Mvua ya Sumbawanga ikilipiga lile bati, mwalimu alikuwa anachezesha midomo tu. Nusu ya masomo yangu niliyasoma kwenye midomo ya mtu. Bado nikafaulu. Sasa nani wa kunitisha?

Aliyejaribu kunitisha alikuja kwa basi. Lakini kwanza nieleze chumba.

Miaka ile soko huria lilipoingia, shirika la umma nililokuwa natunza stoo yake lilikata roho. Tukatolewa watu wote siku moja, mimi nikiwa na daftari kwapani na funguo ambazo hakuna aliyekumbuka kuniomba. Godauni likabaki na popo. Kisha wafanyabiashara wa mahindi wa pale mjini wakaungana na wachuuzi wa samaki wa Kipili, kule ziwani, wakaunda umoja wao. Zamani bei na magari yote yalipangwa na shirika. Sasa kila mtu alitakiwa ajijue. Umoja ukanunua simu za upepo mbili, yaani redio za kuongelea, moja ya Kipili na moja ya Sumbawanga, ili mwenye samaki wake wa migebuka ajue kama lori linashuka, na mwenye lori ajue kama migebuka imepatikana. Ya Sumbawanga wakaifunga katika chumba kimoja cha godauni lilelile. Wakatafuta mtu wa kuiangalia. Nikafika na funguo zangu, nikafungua mlango mbele yao. Kazi nikapewa papo hapo.

Nilikipenda chumba kile kuliko nyumba yangu, na mke wangu atathibitisha.

Redio yenyewe ilitaka umeme wa volti kumi na mbili. Umeme wa mji ulikuwa unakuja na kuondoka kama jamaa mwenye mambo mengi, kwa hiyo tulitumia betri mbili za lori zilizofungwa pamoja, volti ishirini na nne. Kati ya betri na redio palihitajika kitu cha kuupunguza umeme, na mafundi tunakiita saplai. Saplai ya kisasa haiupunguzi umeme kwa kuuchoma ukawa joto. Inaukata na kuuachia, kata, achia, maelfu ya mara kwa sekunde, halafu koili na kapasita zinausawazisha mpaka redio haijui kama kuna kitu kilikatwa. Ni kama mtu anayefungua na kufunga bomba haraka sana ili ndoo ijae polepole.

Saplai tuliyokuja nayo ilikuwa ya ng'ambo, nzito kama mbuzi wa sikukuu. Radi ikaipiga msimu wa kwanza tu wa mvua. Sio kuipiga, kuipika. Chumba kilinuka wiki tatu, na nadhani kuna popo waliohama mkoa.

Ndipo nikatengeneza zangu. Mjini palikuwa na televisheni nyingi zilizokufa, maana watu walizinunua kwa furaha ya soko huria wakazichomeka kwenye majenereta yasiyo na adabu. Kila televisheni ilikuwa na saplai ya namna hiyohiyo tumboni, na kila saplai ilikuwa na aisii moja yenye miguu minane, ndiyo bwana mkubwa anayeamua lini kukata na lini kuachia. Nikang'oa tatu. Koili nikazisuka kwa mkono. Kila saplai niliyounda iliweza kubeba theluthi ya mzigo, kwa hiyo nikazifunga pamoja zote tatu zisaidiane. Redio ikawaka. Nikacheza peke yangu chumbani.

Halafu mluzi ukaanza.

Ukibonyeza kitufe cha kuongea, mluzi unaingia juu ya sauti yako, unapanda, unashuka, unapanda tena, kama ndege aliyekunywa komoni. Nakuambia ulikuwa mluzi wa kusikika Zambia bila redio. Kipili walikuwa hawasikii kitu kingine. Jamaa aliyekaa kwenye redio ya kule ziwani, ambaye nilikuwa namjua kwa sauti tu, alianza kunisalimia hivi: "Sumbawanga, habari za ndege wako?"

Sababu niliijua. Kila aisii ilikuwa na mwendo wake. Ya kwanza inakata mara elfu arobaini kwa sekunde, ya pili elfu arobaini na mia tisa, ya tatu inajua yenyewe. Elfu arobaini sikio la binadamu halisikii. Lakini saplai mbili zikienda miendo miwili tofauti, ile tofauti yao inasikika. Ile mia tisa. Huo ndio ulikuwa mluzi wetu. Dawa niliijua pia: zote tatu zitembee kwa mwendo mmoja. Kujua ni jambo moja. Kupewa nafasi ni jambo lingine.

Umoja ukamwita mtaalamu kutoka mji mkubwa. Akashuka kwenye basi amevaa shati jeupe na viatu vyeupe. Viatu vyeupe! Sumbawanga! Masika! Kufika godauni vilikuwa rangi ya ugali wa ulezi.

Akaingia chumbani na kamati nzima nyuma yake. Akaangalia saplai zangu tatu zilizopangwa juu ya ubao.

"Hivi ni nini?"

"Saplai, mtaalamu. Tatu."

"Nani katengeneza?"

"Mimi."

"Umesomea wapi?"

"Shule ya jioni. Hapa hapa mjini."

Akageukia kamati. "Jioni? Ndiyo maana hakuona vizuri."

Kamati ikacheka. Hata mwenyekiti wetu alitabasamu kidogo, mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi, mnene wa sauti, ambaye madereva wa malori walikuwa wanamwamkia kabla hata hajatokea kwenye kona.

"Mtaalamu," nikasema, "radi nayo ilikuja jioni. Ile saplai ya ng'ambo iliiona vizuri sana."

Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Lakini mtu wa viatu vyeupe hakucheka. Akasema kila kimoja kati ya vitu vile kina kichwa chake, kwamba havipangwi pamoja na mtu wa koleo na bisibisi, na kwamba dawa ni kuagiza mtambo mmoja mkubwa. Miezi sita utakuwa umefika. Akasema hayo akiwa anapangusa kidole kwenye leso, kidole alichogusia kazi yangu.

Mama mwenyekiti akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mie aisii siijui. Najua kitu kimoja: Kipili hawasikii. Jumamosi ijayo tuna kikao. Mluzi ukiwa bado upo, redio tunaifungia kwenye sanduku mpaka mtambo uje. Chumba anakihitaji mtu wa soda, anatafuta stoo."

"Na mimi, mama?"

Akaangalia sakafu. "Wewe si una shamba?"

Shamba ninalo. Ulezi naujua, maharage nayajua, na jembe haliniogopeshi. Lakini nilishatolewa katika godauni lile mara moja, na waliponitoa nilinyamaza kwa sababu aliyenitoa alikuwa mkubwa kuliko mimi, lilikuwa shirika zima, tena linakufa. Sasa nitolewe mara ya pili na mluzi? Na leso? Nikamwambia, "Jumamosi, mama, wewe mwenyewe ndiye utakayebonyeza kitufe." Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Hakika sikuwa nayo hata ya kujaza kijiko.

Jumatatu nikafanya lile nililolijua. Nikachukua mpigo kutoka aisii ya pili, iliyokuwa na kasi kuliko zote, nikaupeleka kwa nyingine mbili, zote tatu zikawa zinakata pamoja na kuachia pamoja, kama askari wa gwaride. Nikabonyeza kitufe.

Kimya. Kimya kitamu kama asali ya miombo.

"Sumbawanga!" Kipili akapiga kelele. "Ndege kafa?"

"Kazikwa!" nikamjibu.

Mtaalamu alikuwa bado mjini, maana basi lake lilikwama kwenye tope la huko Laela, na Mungu akaona anilipe kiburi changu mapema. Alikuwa amesimama mlangoni. Nikaendelea kubonyeza na kuongea ili asikie vizuri, nikamweleza Kipili habari za mahindi, za maharage, za afya ya watu nisiowajua. Dakika ya pili nikasikia harufu. Dakika ya tatu kapasita ya mlangoni, ile inayopokea umeme kutoka kwenye betri kabla haujaingia kwenye saplai, ikavimba kichwa na kupasuka. Pah! Utumbo wake wa karatasi ukaruka mpaka kwenye shati jeupe.

Redio ikazimika katikati ya neno.

Mtaalamu akautoa utumbo ule begani kwa vidole viwili. "Nilisema," akasema. Akaondoka. Sikuwahi kuona mtu akifurahia uchafu kwenye shati lake namna ile.

Nikakaa juu ya sanduku la betri nikifikiri. Mluzi ulikuwa umekwisha, hilo lilikuwa kweli. Lakini saplai zote tatu sasa zilikuwa zinavuta kwa pamoja na kuacha kwa pamoja. Kapasita ile ilikuwa inakamuliwa mpaka tone la mwisho halafu inajazwa, inakamuliwa, inajazwa, maelfu ya mara kwa sekunde. Ingekuwa wewe usingepasuka? Dawa ya kitabuni ilikuwa kuweka kapasita kubwa mara tatu. Sumbawanga nzima haikuwa na kapasita hiyo. Ningeiagiza, ingefika mtu wa soda akiwa ameshapanga makreti yake mpaka dirishani.

Jumatano nikapanda lori la maharage kwenda kijijini kwetu, ukingoni mwa uwanda, pale barabara inapojiandaa kushuka kwenda Ilemba. Sikwenda kutafuta akili. Nilikwenda kuchukua boksi la chuma la kuwekea saplai nililomwagiza mjomba, na kusema kweli nilikwenda pia ili nisionekane mjini.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa mhunzi, na kabla yake baba yake, na kabla yake mababu ambao nasikia chuma kilikuwa kinawatii kwa kuangaliwa tu. Miaka ile kazi yake ilikuwa imefufuka. Majembe ya dukani yalikuwa yamejaa, yana rangi nzuri na nembo ya jogoo, lakini yakigonga kisiki yanajikunja kama chapati. Watu wakarudi kwa mjomba na springi za malori awafulie majembe ya kweli.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona uso umekuwa mdogo?"

"Ni baridi tu."

"Baridi ya hapa nimezaliwa nayo, haijawahi kupunguza uso wa mtu. Boksi lako bado mfuniko. Kaa hapo uvukute, mwenzangu wa kuvukuta ameenda msibani."

Nikakaa nyuma ya mivukuto. Kwa asiyeijua: ni mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, kila mmoja una fimbo yake ya kuushika, na yote miwili inapuliza upepo kupitia bomba moja la udongo mpaka kwenye makaa. Nilikuwa sijaishika tangu nioe. Tena nilikuwa na hasira. Nikaishika yote miwili nikaishusha pamoja kwa nguvu zangu zote, nikainyanyua pamoja, nikaishusha pamoja.

Moto ukaruka hadi kwenye nyasi za paa. Kisha ukalala. Ukaruka tena. Ukalala.

"Acha! Acha!" Mjomba alikuwa anazima cheche kwenye ndevu. "We mtu, unavukuta au unapiga chafya?"

"Upepo si mwingi, mjomba?"

"Mwingi, halafu hakuna. Mwingi, halafu hakuna. Chuma kinashtuka, kinasinzia, kinashtuka. Na ngozi zangu utazipasua. Hiyo shule ya jioni hawakuwafundisha hata kupumua?" Alisema haya kwa Kifipa, ambacho kina makali zaidi. "Huu ukipanda, huu ushuke. Moto usijue kama mifuko ni miwili. Ujue upepo upo tu."

Nikafanya hivyo. Kulia chini, kushoto juu. Kushoto chini, kulia juu. Upepo ukanyooka. Makaa yakatulia, yakawa mekundu, kisha yakaanza kuwa meupe bila papara. Na mikono yangu haikuchoka hata nusu ya mwanzo.

Nikaacha kuvukuta.

"Nini tena?" mjomba akauliza.

"Ngozi ningezipasua," nikasema. "Umesema ngozi zingepasuka."

"Si umezivuta zote kwa mpigo mmoja!"

"Mjomba, ikiwa mitatu?"

"Mitatu nini?"

"Mivukuto. Ikiwa mitatu kwenye moto mmoja, mnafanyaje?"

Akanitazama kama anayepima kama nina homa. Kisha akaweka nyundo chini. Mambo ya baba yake alikuwa hawezi kuyapita bila kuyasimulia.

"Wakati wa baba, kwa kazi kubwa, walikaa watatu. Huyu anashusha, huyu yuko katikati anakuja, huyu ndiyo kwanza anainua. Mzee alisimama na fimbo, anagonga jiwe: ta, ta, ta. Kila mtu na ta yake. Ukiiba ta ya mwenzako, fimbo ileile inahamia mgongoni kwako."

"Na mtu akiwa mwepesi kuliko fimbo?"

"Huyo anatolewa. Anayevukuta kabla ya fimbo hasikii fimbo. Mtu wa kuvukuta awe mzito kidogo, asubiri kugongewa. Sasa vukuta, mtaalamu, chuma kinapoa!"

Nikavukuta kwa furaha mpaka jioni. Nadhani siku ile tulifua majembe ya kutosha tarafa nzima, na nyundo ikabaki inaomba mapumziko. Alhamisi nilirudi mjini na boksi la chuma kichwani, limekatwa kutoka kwenye pipa la mafuta, zito na zuri, na mfuniko wake.

Nilihitaji mgonga jiwe. Kitu cha kusema ta, ta, ta, na kila ta iende kwa saplai yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha mwanzo tena. Na nilikuwa nacho! Chini ya meza yangu palikuwa na boksi la taa za disko, lililoletwa na baa moja ya mjini kwa matengenezo na halikuja kuchukuliwa. Unazijua zile taa: nyekundu inawaka, inazimika, kijani inadaka, inazimika, njano inadaka, mpaka mlevi anaona ukuta unakimbia. Ndani yake mna aisii ya kuhesabu. Ukiipa mipigo, inaupeleka mpigo wa kwanza mguu huu, wa pili mguu unaofuata, wa tatu unaofuata. Watu walikuwa wanaichezea rumba, hawajui ni mashine ya hesabu.

Nikaing'oa. (Mwenye baa, kama unasoma, taa zako zilifanya kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa na taa za disko. Njoo tuongee.) Nikaifunga ihesabu mpaka tatu halafu irudi moja. Nikaipa saa ya kuipigia, yaani saketi ndogo ya kutoa mipigo, yenye mwendo mara tatu wa saplai moja, ili kila saplai ipate ta yake kwa wakati wake: ya kwanza ikivuta, ya pili iko theluthi ya safari, ya tatu theluthi mbili. Kapasita ya mlangoni nikaweka ya ukubwa uleule wa iliyopasuka. Makusudi. Ningeweza kutafuta iliyozidi kidogo. Sikutaka.

Ijumaa mchana nikawasha. Nikabonyeza.

Mluzi.

Mwembamba, mnyonge, lakini mluzi. Nilikaa sakafuni. Nikapima waya, nikapima miguu ya aisii, nikapima hata subira yangu. Ya kwanza inafuata mgonga jiwe, sawa. Ya tatu inafuata. Ya pili inakwenda zake. Na ya pili ndiyo niliyoijivunia kuliko zote! Koili yake niliisuka mara mbili ili ipendeze, na mwendo wake niliuweka mkali kidogo, kwa sifa tu, ili nimwonyeshe yeyote atakayepima kwamba kazi ya jioni ina kasi. Ilikuwa mbele ya mgonga jiwe. Kila ta ikifika kwake, inamkuta ameshamaliza.

Anayevukuta kabla ya fimbo hasikii fimbo. Mjomba alinieleza, nikafurahi, nikasahau.

Nikaizungusha rizista yake, ile inayopanga mwendo, nikaichelewesha. Kisha nikazichelewesha na zile mbili, kidogo kidogo, mpaka zote tatu zikawa nzito kuliko saa, zote zinasubiri kugongewa. Nikabonyeza. Kimya. Nikaendelea kubonyeza kwa muda wa kusali rozari nzima, nikaisali kweli. Nikaweka kidole juu ya kapasita ya mlangoni. Ilikuwa baridi kama pua ya mbwa.

Jumamosi kamati ikaja. Mtaalamu naye akaja, basi lake likiwa linaondoka saa saba. Mtu wa soda alikuja pia, akasimama dirishani anapima ukuta kwa hatua. Boksi la mjomba lilikuwa mezani, mfuniko nimeuacha wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndege yuko wapi?"

"Bonyeza mwenyewe, mama. Nilikuahidi."

Akabonyeza kwa kidole gumba, kama anayekanyaga mdudu. "Kipili! Kipili, mnanisikia?"

Tukasubiri. Redio ikakwaruza kidogo, kisha sauti ya yule jamaa wa ziwani ikajaa chumbani kana kwamba amekaa juu ya meza:

"Nakusikia, mama, mpaka bangili zako nazisikia. Shikamoo!"

Kamati ikapiga makofi. Mama mwenyekiti hakuachia kitufe. Akamsomea Kipili orodha nzima ya malori, akamuuliza migebuka, akamgombeza kwa dagaa wa juzi waliokuja na mchanga, robo saa, na zaidi. Mimi sikuangalia redio. Nilimwangalia mtaalamu, na mtaalamu alikuwa anaangalia kapasita. Anasubiri. Mwishowe akashindwa, akanyoosha mkono, akaigusa. Akauacha mkono pale kwa muda mrefu.

"Ni ileile saizi?" akaniuliza polepole.

"Ileile."

"Umezipishanisha."

"Theluthi kwa theluthi."

Nikiri: mtu alijua kazi. Ilimchukua pumzi moja tu kuelewa. Lakini pumzi ya pili akaharibu. Akamgeukia mama mwenyekiti akasema kazi inaridhisha, ila ofisi ya leseni itataka kujua mtambo umefungwa na nani, na cheti cha jioni hakitapokelewa. Afadhali kwenye muhtasari waandike kazi imefanyika chini ya usimamizi wake. Yeye atasaini. Mchoro wa kazi hiyo atauchukua akausafishe.

Mama akaniangalia. "Mwanangu, si jambo kubwa. Redio inabaki, wewe unabaki. Ni karatasi tu."

Na hapo ndipo ningeweza kunyamaza kama nilivyonyamaza shirika lilipokufa. Chumba nilishakipata. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Mama, asimamie vipi mtu aliyekuwa hotelini anapangusa viatu? Kama mnataka msimamizi, yupo. Mchoro huo niliuchukua kijijini, kwa mjomba wangu, mhunzi. Mtaalamu akiutaka, lori la maharage linaondoka Jumatano. Aende akavukute, ataonyeshwa."

"Mhunzi?" mtaalamu akasema.

"Mhunzi. Mchana, tena. Kulikuwa na mwanga wa kutosha."

Kamati ikatuangalia mmoja mmoja, kama watu wanaosubiri kuona nani atapigwa. Kisha mama mwenyekiti akaanza kucheka, kicheko cha kutikisa meza, mpaka Kipili akauliza kwenye redio kuna nini huko. Akamwambia katibu: "Andika. Fundi, huyu. Msimamizi, mjomba wake, mhunzi. Ofisi ya leseni wakiuliza, mimi nitakwenda mwenyewe." Na alikwenda kweli. Sijui alisema nini huko, lakini barua ilirudi na muhuri. Mtu wa soda akapata chumba kingine, na mtaalamu akawahi basi lake.

Baada ya mavuno ya ulezi mjomba alikuja mjini. Nikamkalisha chumbani, nikamwonyesha boksi lake likiwa kazini. Kipili alikuwa anaongea. Mjomba akaweka kiganja juu ya mfuniko, kisha akainama akaweka na sikio.

"Mivukuto iko humu?"

"Mitatu."

"Na mgonga jiwe?"

"Yumo."

Akasikiliza muda mrefu, amekunja uso.

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo, mjomba."

Akajiinua, akapangusa sikio. "Basi kaa hapahapa," akasema. "Usirudi kijijini kunichomea paa."